Saa Mbili ya Misigiri

Neno kikoa lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Kula kikoa ni majirani kupatana kula pamoja kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa fulani. Kila aliyemo anajulikana kwa jina, na zamu yake inajulikana. Watu wa Kiswahili cha mitambo walipotafuta neno la kuita jamii ya kompyuta zinazotii seva moja, wakalichukua hilo hilo. Sisi mafundi wa vijijini tunasema "domeni" tu, na maisha yanaendelea. Lakini mimi neno kikoa nalipenda, kwa sababu linanikumbusha swali ambalo fundi anatakiwa kujiuliza kabla ya kushika bisibisi: huyu aliyekataliwa mlangoni, amekosa nini hasa?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufanya kazi penye domeni, hebu nikueleze kidogo. Mfumo unaotumika sana maofisini ni Active Directory, ambao Microsoft waliutoa mwaka 2000 pamoja na Windows 2000. Makao makuu panakaa seva yenye daftari la wanachama. Ndani ya daftari mna majina ya watu, na mna majina ya kompyuta zenyewe, maana mashine nayo ina jina lake na neno lake la siri ambalo hakuna binadamu analijua. Mashine hulibadilisha yenyewe, kwa kawaida kila baada ya siku 30. Asubuhi karani anapoandika jina lake, kompyuta haimwamini hivi hivi. Inakwenda kuiuliza seva: "Huyu ni wetu?" Seva ikijibu "Ni wetu," milango inafunguka: mafaili ya pamoja, printa, orodha za malipo. Seva isipoonekana, hapo ndipo vituko vinapoanza.

Vituko ninavyotaka kuvieleza vilitokea Misigiri, msimu mmoja wa alizeti.

Misigiri ni njia panda. Barabara kuu inatoka Singida mjini, inapita hapo, inaendelea mpaka mlima Sekenke, inateremka Shelui na kukamata Nzega na Mwanza. Njia nyingine inachepuka kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya ya Iramba. Kwa hiyo siku nzima kuna mtu anashuka na mtu anapanda, malori yamepumzika kabla ya mlima, na akina mama wanakimbilia madirisha ya mabasi na bidhaa mkononi. Ukitaka kujua habari za nchi hii kaa njia panda. Ukitaka kujua dhiki zake, kaa hapo hapo wakati wa kuuza mazao.

Kampuni moja ya kununua alizeti, ambayo jina lake halina kazi hapa, ilikuwa na ghala na chumba cha ofisi. Katika chumba hicho mlikuwa na meza mbili, mizani, rauta ya laini ya simu, na kompyuta moja ya mezani. Mkulima alipima magunia, karani akaandika, orodha ikaenda makao makuu kwa mtandao, na fedha zikarudi kwenye simu ya mkulima. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha makao makuu wakatoa amri kwamba kompyuta zote za matawi ziingizwe kwenye domeni. Nia ilikuwa njema, kwamba kila orodha ijulikane imetumwa na nani. Kompyuta ya Misigiri ikapakiwa kwenye lori, ikaenda mjini, ikaungwa huko huko kwenye domeni. Karani naye aliitwa kwenye mafunzo, akaingia mara moja kwa jina lake jipya, ikafunguka, wakapiga makofi. Mashine na karani wakarudi Misigiri.

Tangu siku hiyo orodha haikwenda.

Jambo lililowachanganya watu ni kwamba kompyuta ilikuwa inafunguka. Karani anaandika jina na nywila, picha inatokea, anaona jina la kampuni. Ila akigusa faili la malipo, inakataa. Akijaribu tena, inamwomba nywila. Akiandika, inakataa. Makao makuu wakambadilishia nywila kwa simu; nywila mpya kompyuta haikuitambua kabisa, ya zamani ikaendelea kufungua. Bwana wa kompyuta kule mjini akasema maneno ambayo mimi sikuyapenda hata kwa kusimuliwa: "Mashine ni nzima, iliungwa mbele yangu. Tatizo ni mtumiaji."

Ndugu zangu, neno "mtumiaji" lina uzito likitamkwa na mtu wa makao makuu. Siku ya tisa ililetwa barua. Karani alitakiwa ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuchezea mfumo na kuchelewesha malipo ya wakulima. Alikuwa binti wa hapo hapo, yuko katika miezi yake ya majaribio, na baba yake mdogo alikuwa mmoja wa waliokuwa wakidai. Mtaani yalikuwa yameanza mengine: kwamba fedha zimekuja, ila "mtoto wa fulani" amezikalia.

Niliitwa siku ya kumi. Nilikuta watu wapatao thelathini wamekaa kwenye magunia matupu. Nikaamkia wazee.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe daktari wa hiyo kitu?"

"Ndiyo, mzee. Naiangalia."

"Angalia vizuri. Mimi mke wangu yuko hospitali Kiomboi, nami nimekaa hapa na karatasi ya mizani. Karatasi hii hainunui dawa."

Mzee mwingine akadakia, "Mashine hizi Mwalimu alizikataa zamani. Alijua."

Watu wakacheka, lakini mzee hakukosea sana. Serikali ya Tanganyika na Zanzibar iliyoungana ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya mambo kwenda mrama, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na leo hii gunia la alizeti halilipwi bila mashine. Kizazi chetu hakina tena nafasi ya kuikataa. Nafasi tuliyo nayo ni ya kuijua.

Nikaingia ndani. Karani alikuwa na macho mekundu.

"Kaka fundi, mimi sijagusa kitu."

"Najua, dada. Kaa hapa, tuangalie wote."

Simu ya mjini ikaja. Bwana yule akataka nifanye haraka: niitoe mashine kwenye domeni, niiunge upya. Hiyo ndiyo dawa ya mafundi wengi, kama vile kila homa ni malaria. Nikamwomba anistahi kidogo. Kutoa mashine kwenye domeni ni rahisi; kuirudisha ni habari nyingine. Ukiitoa, jina la karani halifungui tena hata ile picha, na utahitaji nywila ya msimamizi wa mashine yenyewe, ambayo pale ofisini hakuna aliyekuwa nayo. Pia tangu masasisho ya Oktoba 2022, Windows haikubali ovyo mashine irudi kwa jina lililokwisha kuwamo daftarini, kama anayeiunga hakuliumba jina hilo au hana mamlaka ya juu. Waliziba tundu la usalama. Kwa hiyo mwenye haraka angeweza kuivunja hata ile nusu iliyobaki.

Nikaanza na swali la kwanza: kwa nini picha inafunguka? Jibu ni kwamba Windows ina kumbukumbu. Mtu akiingia mara moja seva ikiwa karibu, kompyuta huhifadhi alama ya nywila yake, ili siku mtandao ukikosekana asilale nje. Kwa kawaida huhifadhi watu kumi wa mwisho. Basi karani alikuwa anafunguliwa na kumbukumbu ya siku ile ya mafunzo. Seva haikuwa na habari naye. Ndiyo maana nywila ya zamani ilifaa na mpya haikufaa. Mashine haikuwa imeonana na seva tangu ilipopakiwa kwenye lori.

Swali la pili: njia ipo? Kati ya rauta ya Misigiri na makao makuu palikuwa na njia ya siri ndani ya mtandao wa simu. Nikaigonga seva kwa namba yake, ikaitika. Nikaigonga kwa jina, kimya. Hapo nikajua nusu ya ugonjwa. Njia ilikuwepo, ila aliyekuwa anaulizwa jina hakuwa mwenyeji.

Kompyuta hutafuta seva ya domeni kwa jina, kupitia daftari la majina linaloitwa DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Rauta ya pale ilikuwa imeielekeza kompyuta ikaulize kampuni ya simu. Kampuni ya simu inajua majina ya dunia nzima, lakini jina la ndani la seva ya watu haliwezi kulijua. Ni kama ushuke Misigiri usiku, umwulize utingo wa lori linalokwenda Mwanza, "Kwa Mama Fulani ni wapi?" Atakujibu, "Simjui," na atakuwa amesema kweli. Nikaielekeza kompyuta ikaulize seva ya makao makuu yenyewe. Nikagonga tena kwa jina. Ikaitika.

Karani akapiga makofi. Nikamwambia, "Bado." Maana faili la malipo lilikuwa bado linakataa. Safari hii, hata hivyo, lilikataa kwa sauti nyingine. Kwanza kompyuta ilikuwa inasema haimwoni mwenye nyumba. Sasa ilimwona, ikabisha hodi, ikafukuzwa.

Bwana wa mjini akacheka kwenye simu. "Nilikwambia. Mtumiaji."

"Naomba uniulizie kitu kimoja," nikasema. "Kwenu huko ni saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini. Na saa ya kompyuta hiyo nilishauliza wiki iliyopita. Nikaambiwa iko sawa."

Nikatazama pembeni ya skrini. Imeandikwa 4:20. Nikatazama simu yangu. Imeandikwa 10:20.

Msomaji, tazama vizuri hapo. Sisi tunahesabu saa kutoka kuchomoza kwa jua. Jua letu ni aminifu, mwaka mzima linachomoza karibu wakati ule ule, kwa hiyo saa ya kwanza ya mchana ni saa moja, na saa nne ni saa nne. Mzungu anahesabu kutoka usiku wa manane, na hiyo hiyo anaiita kumi. Kati yetu na yeye pana saa sita. Siku zote tumezoea kuishi na saa mbili kichwani: mkono unaonyesha kumi, mdomo unasema nne, wala hakuna anayeshangaa. Kumbe skrini ile ilikuwa imeandikwa kabisa kama tunavyosema. Kila aliyeitazama aliiona iko sawa. Karani aliulizwa, "Saa iko sawa?" akatazama, 2:15 asubuhi, saa mbili na robo, akajibu kwa moyo mweupe, "Iko sawa."

"Nani anawasha mashine asubuhi?" nikauliza.

"Babu," karani akasema. "Mlinzi."

Babu akaitwa. Mtu wa makamo yaliyokwisha kupita, koti la kijeshi lililochakaa, tochi mfukoni. Nikamwamkia, nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Akafurahi. Akazima mashine kwenye swichi kubwa, kama alivyoamriwa kufanya kila usiku kwa ajili ya radi. Akaiwasha. Skrini ikawa nyeusi, ikatoa maandishi meupe, ikasimama: tarehe na saa hazijawekwa, bonyeza F1.

"Yule kijana aliyeileta alinifundisha," akasema babu. "Bonyeza hii. Weka tarehe. Weka saa. Halafu hii ya kuhifadhi." Akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu kwa midomo, akaandika kwa kidole kimoja: 04:31. "Kila siku, mwanangu. Sijaruka hata siku moja."

Chumba kikanyamaza. Karani alikuwa ameshaelewa. Niliona anaziba mdomo.

Ndani ya kila kompyuta ya namna ile kuna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, inayolinda saa wakati umeme haupo. Betri ile ilikuwa imekufa. Kijana aliyeileta aliona, akaona ni rahisi kumfundisha mlinzi kuliko kununua betri. Kila usiku saa ikapotea, na kila asubuhi babu akaiweka kwa uaminifu wote, kwa saa aliyofundishwa na mama yake.

Na domeni haina mchezo na saa. Ulinzi wake unaitwa Kerberos. Ulibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980, ukapewa jina la mbwa wa hadithi za Wagiriki, mwenye vichwa vitatu, anayelinda lango la kuzimu. Kazi yake ni kutoa tiketi. Kila ombi la kutaka kuingia limegongwa saa, ili mwizi akilinasa njiani asije akalitumia baadaye. Kwa kawaida Kerberos huvumilia tofauti ya dakika 5. Sisi tulikuwa tunampelekea saa sita nzima. Kwake yeye karani alikuwa mtu anayekuja na tiketi ya alfajiri katikati ya mchana. Akamfukuza, kama alivyotumwa.

Kwa desturi mashine ya domeni huiuliza seva saa na kujirekebisha. Lakini yetu haikuwa inaiona seva, kwa sababu ya yale majina. Basi magonjwa mawili yakawa yanalindana, na katikati yao amesimama binti mwenye barua ya kujieleza.

Nikarudisha saa, 10:34. Nikaipa amri ijipime kama uaminifu wake na seva ungali mzima. Ukawa mzima. Lile neno la siri la mashine halikuwa limepotea. Kulibadilisha ni kazi ya mashine yenyewe, na isipoiona seva, hungoja. Karani akaandika nywila mpya. Faili la malipo likafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Orodha ya kwanza ikaondoka. Haikupita nusu saa, nje nikasikia simu ya mtu inalia kwa ujumbe, halafu nyingine. Mzee wa Kiomboi hakungoja kuaga. Nilimwona anavuka barabara kwa mwendo wa kijana.

Ikabaki barua. Bwana wa mjini akataka taarifa, na ndani ya taarifa, kwa maneno yake, "jina la aliyeharibu saa."

Nilikaa na kalamu kwa muda. Babu alikuwa amesimama mlangoni, amevua kofia, amekwisha kusikia. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa ndio huo. Karani alikuwa ananitazama, jina la babu lingemsafisha yeye mara moja, na yeye ndiye akasema kwanza, kwa sauti ya chini, "Kaka, babu usimwandike."

Nikaandika hivi: moja, rauta ilielekezwa kwenye daftari la majina lisilo letu. Mbili, betri ya saa ilikuwa imekufa kabla mashine haijafungwa hapa, na wafanyakazi wakatwishwa kuweka saa kwa mkono bila maelekezo ya saa ipi. Tatu, karani hana kosa. Nne, inunuliwe betri, na swichi ya kompyuta itenganishwe na swichi kubwa. Sikuandika uongo. Jina halikuwamo kwa sababu ugonjwa haukuwa na jina la mtu. Wakubwa walirudisha simu mara mbili wakitaka jina, na mara mbili niliwasomea namba mbili. Baada ya wiki barua ya karani ilifutwa. Betri ilikuwa ya bei ya soda chache.

Babu alinisindikiza mpaka njia panda. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, saa ya kweli ni ipi? Ile yangu au ile ya mashine?"

"Zote, babu. Ila mashine inajua moja tu."

"Basi yenyewe ndiyo haijasoma," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini maneno ni nusu ya lugha. Nusu nyingine ni jinsi watu wanavyohesabu siku yao, na hiyo hakuna aliyeifunga ndani ya mashine. Mashine inapomkataa mtu wa Misigiri, aliyeko makao makuu haoni saa sita zilizo kati yao. Anamwona "mtumiaji".

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaojifunza kazi hii, mkiitwa kwenye mashine iliyokataliwa na domeni, fuateni mpangilio huu. Kwanza, njia ipo? Pili, jina anaulizwa nani? Tatu, saa ni ngapi, na usiulize kwa mdomo, soma tarakimu mwenyewe. Nne, mashine inakumbuka nini cha zamani ambacho kinakudanganya kuwa ni nzima? Ukimaliza yote manne, na kila kitu kiwe safi, hapo ndipo uwe na haki ya kumgeukia binadamu aliyekaa kwenye kiti. Na ukimgeukia, mwamkie kwanza.